Kulala wapi njiani ukirudi Uingereza kwa treni kutoka Italia: Paris, Turin, Lyon au Basel

Dada yangu anaishi Bologna, sisi tuko Leicester. Tangu 2019 tumemtembelea mara nne, na mara zote nne tumekwenda na kurudi kwa treni. Kwenda hakuna shida. Watoto wana hamu, mabegi ni mepesi, na hata mkichelewa saa mbili hamnuni, maana mbele kuna shangazi anayesubiri na sufuria iko jikoni. Kurudi ndiko kunakopima watu. Mabegi yamejaa, likizo imekwisha, shule inafunguliwa Jumatatu, na kati yako na kitanda chako kuna milima ya Alpi, Ufaransa nzima, jiji la Paris la kukatiza na mizigo, ukaguzi wa pasipoti mara mbili, na bahari.

Kinachotufanya tusipande ndege ni mizigo. Kwenye Eurostar, treni inayopita chini ya bahari kwenda London, mtu mzima anaruhusiwa mabegi mawili yasiyozidi sentimita 85 na mkoba mmoja wa mkononi, na hakuna anayeyaweka kwenye mzani. Familia inayotoka kwa ndugu na vyungu, mashuka ya zawadi na mafuta ya zeituni itanielewa.

Kwa ratiba, unaweza kutoka Milan alfajiri ukalala London usiku uleule. Kwa watu wenye afya na begi moja la mgongoni, sawa. Kwa watoto wawili na mama wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu, hapana. Siku hiyo ina treni tatu au nne zilizofuatana kama shanga. Moja ikichelewa, zote zinaanguka, na zinaangukia Paris usiku. Kwa hiyo tunalala njiani usiku mmoja, na kila safari tumelala mji tofauti. Naandika hapa nilichokiona, kwa ajili ya yeyote anayepanga njia hii au inayofanana nayo.

Niseme mapema ninaposimama. Mara ya kwanza nilichagua mji kama mtalii, kwa picha. Nilikosea. Mahali pa kulala unapochagua unaamua kesho yako itakuwaje: utaamka saa ngapi, utabadilisha treni mara ngapi, na treni ya kwanza ikichelewa utakuwa na nafasi gani ya kuokoa ile ya mwisho. Uzuri wa mji unakuja baada ya hapo.

Paris, 2019: usiku mgumu, asubuhi nyepesi

Wengi huanza na Paris, nasi tulianzia hapo. Hoja yake inaeleweka: tiketi ya Eurostar ndiyo ghali kuliko zote katika safari hii na ndiyo inayouma zaidi ukiikosa, basi lala karibu na mlango wake.

Tulifika Gare de Lyon karibu saa nne usiku, baada ya kutwa nzima kwenye viti. Treni za Italia na za Uswisi zinaingia Gare de Lyon. Za London zinatoka Gare du Nord. Kati yake kuna vituo viwili tu vya RER D, treni ya mjini ya chini ya ardhi, kama dakika kumi ukishakaa ndani ya behewa. Hizo dakika kumi zisikudanganye. Kuna kushuka chini ya ardhi, kuna kutafuta lifti inayofanya kazi, kuna mageti ya tiketi. Mke wangu alipita na kigari cha mtoto, mimi nikafuata na sanduku, geti likajifunga katikati: mimi upande huu, sanduku limebanwa, mtoto upande ule analia. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliligawa lile geti kwa mikono miwili mpaka likaachia, akaondoka bila kungoja asante. Namkumbuka mpaka leo.

Chumba kilikuwa kidogo, ghorofa ya nne, ngazi nyembamba za kuzunguka, lifti hakuna. Tangazo halikusema hivyo. Ukilala Paris na mizigo, uliza lifti kabla hujauliza bei.

Lakini asubuhi yake, lazima niseme haki, ilikuwa asubuhi nyepesi kuliko zote nne. Tuliamka bila saa ya kengele, tukanunua mkate wa moto, tukatembea dakika kumi hadi Gare du Nord, na saa sita mchana kasoro tulikuwa stesheni ya St Pancras, London. Treni za Leicester zinatoka St Pancras humohumo, kwa hiyo mchana tulikuwa nyumbani tunafua nguo.

Kitu kingine kizuri: ukitembea kidogo kutoka Gare du Nord kuelekea kaskazini unafika Barbès na Château Rouge. Pale utapata muhogo, ndizi za kupika, bamia, samaki wakavu, na majani ya kisamvu yaliyotwangwa ambayo Wakongo huyaita pondu. Ukikaa vizuri utasikia Kilingala, na mara mojamoja Kiswahili cha Kongo ya mashariki. Kwa mtu aliyekula tambi wiki mbili, si jambo dogo.

Paris, kwa ufupi, inaweka uzito wote siku ya kwanza. Siku ya pili imebaki na saa mbili na robo za Eurostar na ile treni fupi ya Leicester tu.

Turin, 2022: mji uliotupendeza na siku iliyotushinda

Tukasema, basi tufanye kinyume. Tuanze taratibu, tulale karibu.

Bologna hadi Turin ni saa mbili na nusu hivi kwa treni ya kasi, bila kubadilisha. Unashuka Porta Susa, stesheni yenye mwanga na lifti za kutosha, na treni ya Paris ya kesho yake inapita hapohapo. Hoteli zilikuwa bei nafuu kuliko miji yote minne, vyumba vikubwa. Katikati ya mji kuna mabaraza marefu yaliyoezekwa, kilomita na kilomita, mvua ikinyesha unatembea mkavu kama uko barazani Mji Mkongwe. Tuliwapeleka watoto Museo Egizio, jumba la makumbusho la Misri ya kale lililoanzishwa mwaka 1824. Mkubwa wangu bado anasimulia zile maiti zilizokaushwa. Soko la Porta Palazzo lina kila kitu, na nyama ya halali haitafutwi kwa tochi, maana Wamorocco wengi wanafanya biashara pale.

Kama ningekuwa naandika juu ya miji, ningekomea hapa na kusema nenda Turin.

Sasa siku ya pili. Turin hadi Paris ni takriban saa tano na dakika arobaini. Weka saa tatu za kukatiza Paris na kupanga foleni, weka Eurostar, weka treni ya Leicester: jumla ni zaidi ya saa kumi na mbili na bado hujachelewa. Nasi tulichelewa. Treni ilisimama milimani zaidi ya saa nzima, kwanza dirishani kuna mto, kisha kuna ukuta wa handaki, watoto wamemaliza biskuti zote. Tulifika Gare du Nord mageti yamefungwa. Eurostar hufunga mageti nusu saa kabla ya treni kuondoka kwa abiria wa kawaida, na huo ni mlango ambao huruma haiufungui.

Tukalala Paris usiku ule kwa bei ya dakika ya mwisho. Yaani tulilipia hoteli mbili badala ya moja.

Kuna jambo la tiketi hapa ambalo kila msafiri wa njia hii alijue. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakupa asilimia 25 ya nauli ukichelewa saa moja mpaka mbili, na asilimia 50 ukichelewa saa mbili au zaidi, lakini hesabu hiyo ni ya tiketi ile moja iliyochelewa. Ukinunua tiketi mbili mbali mbali, kampuni ya pili haikudai wala huidai. Yapo makubaliano kati ya mashirika kadhaa ya reli ya kumsaidia abiria wa kimataifa apande treni inayofuata, ila yanahitaji ushahidi. Kwa hiyo treni ikichelewa, mtafute kondakta ukiwa bado ndani, akuandikie au akupigie mhuri kwenye tiketi. Mimi sikufanya hivyo, na nilipofika dirishani sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Tena njia yenyewe ina treni chache kwa siku. Reli hiyo inapita handaki la Fréjus, lililofunguliwa mwaka 1871, na tarehe 27 Agosti 2023 maporomoko ya mawe upande wa Ufaransa yaliifunga mpaka mwisho wa Machi 2025. Mwaka mmoja na miezi saba bila treni ya moja kwa moja. Sasa zinapita tena, na ni njia nzuri ya kutazama, lakini ukiipanga kwenye siku yako ya mwisho ujue kwamba ikikwama, mlango wa akiba haupo karibu.

Lyon, 2023: kwa anayeogopa kukatiza Paris

April ya 2023, kabla ya yale maporomoko, tulikuwa na Mama kwa mara ya kwanza. Mama ni muuguzi mstaafu kutoka Ifakara. Magoti yake yalitufanya tutafute njia isiyogusa metro ya Paris kabisa, na njia hiyo ipo.

Kutoka Lyon kuna TGV, treni za kasi za Ufaransa, zinazokwenda Lille moja kwa moja kwa saa tatu hivi, zikizunguka Paris kwa nje. Lille Europe ni stesheni ambayo baadhi ya treni za Eurostar husimama. Unashuka jukwaa moja, unapanda lifti, unakaguliwa pasipoti, unapanda treni ya London palepale. Kutoka Lille mpaka St Pancras ni kama saa moja na dakika ishirini na kitu. Hakuna metro wala teksi, sanduku halibanwi na geti. Mama alitembea hatua chache sana siku ile, na nilimshukuru Mungu.

Mitego ni mitatu. Wa kwanza uko siku ya kuingia Lyon: baadhi ya treni za Milan na Paris zinasimama Lyon Part-Dieu, ambayo iko mjini, na nyingine zinasimama Saint-Exupéry, ambayo ni uwanja wa ndege, nusu saa nje. Kwenye ratiba zote zinaandikwa Lyon. Soma jina mpaka mwisho. Hukohuko Milan pia soma vizuri, kwa sababu si treni zote za Paris zinatoka Milano Centrale. TGV za Ufaransa hutumia Porta Garibaldi. Wa pili uko Lille: mji una stesheni mbili, Europe na Flandres, zimeachana mita mia chache, na TGV yako inaweza kuishia ile isiyo yako. Wa tatu ndio mkubwa. Eurostar zinazosimama Lille ni chache, wakati Paris zinaondoka karibu kila saa. Sisi tulisubiri saa tatu na nusu. Benchi la Lille Europe lina upepo.

Mji wa Lyon wenyewe tuliuona kwa jioni moja tu. Tulilala upande wa Guillotière, mtaa wa wageni, wenye maduka ya Waarabu, Wachina na Waafrika wa Magharibi, na tulikula vizuri. Migahawa ya kienyeji ya Lyon ina sifa kubwa, lakini vyakula vyake vingi ni vya nguruwe, kwa hiyo kwetu haikuwa kitu. Epuka wikiendi ya karibu na tarehe 8 Desemba, sikukuu yao ya taa. Vyumba huisha na vilivyobaki hupanda.

Siku ya kwanza kufika Lyon ni ndefu kidogo, saa sita na nusu au saba kutoka Bologna pamoja na kubadilisha Milan. Siku ya pili ni saa saba hivi, kama husubiri Lille kwa muda mrefu kama sisi. Imegawanyika sawasawa, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu au mwenye watoto wachanga wawili nisingesita kuipendekeza.

Basel, 2025

Basel hatukuichagua. Tulinunua tiketi Februari 2025, Fréjus ikiwa bado imefungwa, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa Uswisi. Mke wangu alipoona bei za hoteli alinyamaza. Mimi nilishatamka kwamba itakuwa usiku mmoja wa kuvumilia.

Kutoka Milan hadi Basel ipo treni ya moja kwa moja, saa nne na robo hivi. Nimepanda treni nyingi Ulaya na sijui nyingine inayofanya saa nne ziwe fupi kama hii. Kwanza unaambaa na ziwa Maggiore, maji yako chini ya dirisha na visiwa vyake viko kama vimewekwa kwa mkono. Domodossola, kisha handaki la Simplon, karibu kilomita 20, lililofunguliwa 1906. Unatokea Uswisi upande wa Brig, unaingia tena chini ya mlima kwenye handaki la Lötschberg la kilomita 34.6, na ukitoka huko kuna ziwa jingine, la Thun, na vilele vyenye theluji nyuma yake. Mama hakulala hata dakika moja. Kabla ya kununua kwa majira ya kiangazi, angalia kama reli ya upande wa Domodossola haiko kwenye ukarabati. Kama iko, pitia handaki la Gotthard.

Tulifika saa tisa alasiri. Hili ndilo jambo lililonigeuza kwanza: kulikuwa na mchana umebaki. Ukilala hoteli ndani ya Basel unapewa kadi ya mgeni, BaselCard, na usafiri wa tramu na basi mjini ni bure kwa siku zako zote, hata ile tramu ya kwanza kutoka stesheni ukionyesha uthibitisho wa hoteli. Watu watano, hakuna aliyenunua tiketi. Tulipanda tramu za kijani kama watoto, mpaka mwisho wa njia na kurudi.

Chakula ni ghali, sitaficha. Kebabu ya kawaida inakaribia bei ya mlo wa kukaa Turin. Tulinunua kuku wa kuchoma, mkate na matunda kwenye duka kubwa la stesheni, tukala chumbani. Maji usinunue kabisa: mji umejaa chemchemi za mawe barabarani na maji yake yananyweka. Jumapili maduka ya mjini yanafungwa, ya stesheni yanabaki wazi. Na kabla ya kulipa chumba angalia kalenda: maonyesho ya sanaa ya Juni na kanivali yao, inayoanza Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu saa kumi alfajiri taa zote za mji zikiwa zimezimwa, hupandisha bei mara mbili na zaidi.

Sasa mto. Rhine unapita katikati ya Basel, mpana na wenye kasi, na pamoja na madaraja kuna vivuko vinne vidogo vya mbao visivyo na injini. Waya wa chuma umevutwa juu ya mto toka ng'ambo hadi ng'ambo. Kivuko kimefungwa kwenye waya huo kwa kamba, na kamba inateleza kwenye roda. Mwenye kivuko anachofanya ni kugeuza usukani na kuhamisha kamba upande. Mkondo unaligonga ubavu lile bodi, nalo linasukumwa kwenda mbele, polepole, bila sauti yoyote ila maji yanayopasuka kwenye mbao. Upande wa kanisa kuu kuna ngazi nyingi za kushuka, kwa hiyo tulipandia upande wa Kleinbasel, ambako mto uko karibu na barabara, tukavuka na kurudi bila Mama kushuka.

Mama amekulia kwenye kivuko. Kabla daraja la Kilombero halijajengwa, Ifakara ulikuwa hufiki Mahenge bila kuvuka mto kwa pantoni, na wapo wa nyumbani kwetu waliopotelea pale. Aliingia akiwa amenishika mkono kwa nguvu. Tulipofika katikati aliuachia, akainama akatazama kamba, akatazama waya juu, akatazama maji.

"Kumbe maji yenyewe ndiyo injini," akasema. Kisha akaniuliza, "Hawa ndio Waswisi wa Geigy?"

Ndio haohao. Rudolf Geigy alikuwa mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, akafika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi ya Basel ya magonjwa ya nchi za joto ikafungua maabara ndogo pale, karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo utafiti wake wa malaria na vyandarua unajulikana duniani. Mama alifanya kazi miaka mingi jirani na uzio ule, alisikia jina la Basel kila wiki, na hakuwahi kufikiri kwamba ni mahali penye mto. Jioni ile alitaka kukaa kwenye benchi la ukingoni tu. Tulikaa mpaka baridi ilipotutoa.

Najua hilo ni letu, halimhusu kila msafiri. Siku ya pili inamhusu kila mtu. Tuliamka saa moja na nusu, tukanywa chai taratibu, tukapanda TGV ya saa nne na nusu. Basel hadi Paris ni saa tatu, na treni zipo karibu kila saa mbili. Ile ya kwetu ingefutwa, inayofuata bado ingetufikisha Paris kabla ya jioni. Treni za Paris mara nyingi huondokea upande wa Ufaransa wa stesheni, mwisho kabisa, kwa hiyo usifike dakika tano kabla. Pale Gare de Lyon hatukugusa RER. Tulichukua teksi kubwa moja kwa watu watano na mabegi yote, kama dakika 25 hadi Gare du Nord, na ukigawanya kwa vichwa haikuzidi sana nauli ya metro. Tulikuwa na saa tatu kati ya treni na treni, na tulizihitaji zote isipokuwa nusu saa.

Jambo moja kuhusu zawadi. Tangu tarehe 12 Aprili 2025 Uingereza hairuhusu abiria kuingiza nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe wala maziwa, siagi na jibini kutoka nchi za Umoja wa Ulaya. Dada alikuwa ametufungia kipande cha jibini la Parma cha kilo nzima. Sheria ilikuwa na siku chache tu tangu ianze. Tulilikata Basel na kula na mkate usiku na asubuhi, na lililobaki tulimpa dada wa mapokezi hotelini, aliyelipokea kwa mikono miwili.

Kama bei ya Basel inakushinda, kuna Mulhouse, upande wa Ufaransa, nusu saa au pungufu kwa treni. TGV zilezile za Paris zinasimama hapo, vyumba ni rahisi zaidi, bei ni za euro, na kwa watoto lipo jumba kubwa la makumbusho ya reli, Cité du Train. Utakosa kadi ya tramu na utakosa mto. Utakosa pia nusu saa ya usingizi siku ya kwanza, lakini utaipata ya pili.

Viza

Kwa wenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, mahali pa kulala ni suala la viza pia, na nimeona watu wakilipata wakiwa wamechelewa.

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Schengen, eneo la viza moja, tangu Desemba 2008. Kulala Basel hakuhitaji viza nyingine na hakuhesabiki kuingia mara ya pili. Italia, Uswisi na Ufaransa ni nyumba moja kwa hesabu hiyo. Ukaguzi wa kutoka unafanywa Gare du Nord au Lille, na askari wa Ufaransa. Hatua chache mbele unakutana na afisa wa Uingereza palepale kabla ya kupanda treni.

Linalowanasa watu ni idadi ya siku. Viza ya Schengen huandikwa tarehe na pia siku za kukaa, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, hata ukitoka asubuhi. Ukiomba siku kumi kwa ajili ya siku kumi za kukaa kwa dada, usiku wa njiani hauna mahali. Mama aliombea Dar es Salaam, ubalozi wa Italia kwa kuwa ndiko angekaa siku nyingi, na tuliweka hoteli za njiani, kwenda na kurudi, ndani ya ratiba tuliyoambatanisha. Tangu Oktoba 2025 pia kuna mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha mpakani kwa wasio raia wa Ulaya; ongeza muda wa foleni, na weka pasipoti za wazee mfukoni mwako, si ndani ya sanduku. Treni zinazopita Modane, mji wa mpakani kwenye njia ya Turin, hukaguliwa na polisi mara kwa mara, hata kama ni ndani ya Schengen.

Nani alale wapi

Ukiwa peke yako au wawili, begi dogo, na una kazi mchana wa siku inayofuata, lala Paris, karibu na Gare du Nord, hoteli yenye lifti. Ukiwa na mtu asiyeweza kutembea, Lyon, kisha Lille, na ubebe chakula cha kusubiria. Turin nampa yule ambaye hatafika London kesho yake: lala Turin, kisha lala Paris, ufanye safari ya siku tatu kwa raha. Au nenda Turin yenyewe siku nyingine, inastahili.

Ukiwa na watoto na mzee pamoja, na unataka siku zote mbili ziwe za kubebeka, nenda Basel. Weka treni ya Milan ya asubuhi ili ufike mchana uwe bado mweupe, na treni ya Paris isiwe ya mapema kuliko saa nne.

Pasaka ijayo tunakwenda tena. Dada ameshaambiwa atufungie pasta na mafuta tu. Mama aliuliza swali moja kwenye simu kutoka Ifakara, hata kabla ya kuuliza tarehe: hoteli iko upande upi wa mto.